Darubini ya Baba na Jumamosi Ijayo

Nyumba ya Haugen,
Barabara ya Mto Tongue,
Miles City, Montana.

9 Septemba

Mpendwa Shangazi Ragna,

Hamjambo huko Stavanger? Mzee wako Leif anaendeleaje, na lile goti lake limepoa? Mimi nikisema ni mzima nitakuwa nimekudanganya. Mwili hauna neno, ila usingizi umenikimbia.

Huku nyasi zimekauka na ng'ombe tumeshawashusha kutoka malisho ya juu. Jemu ya cheri mwitu iko tayari kwenye chupa. Fungu lako lipo, labda Clint alimalize. Mume wangu huyo ukimwachia kijiko na chupa chumba kimoja, usitegemee kukuta kitu.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Ni kaka yako.

Unajua kwamba tangu mama afariki, baba hana raha nyingine ila mashindano ya bunduki tatu. Bastola, bunduki ya marisau na bunduki ndefu, zote katika mzunguko mmoja, mtu anakimbia huku saa inamhesabia. Mwaka huu aliamua kununua darubini mpya ya bunduki ndefu, ile ya kuzungusha. Shabaha ikiwa karibu unaiweka kwenye moja na kufungua macho yote mawili, kama vile huna kioo. Ikiwa mbali unasukuma kikono, nayo inakuza mara sita, au nane, au kumi, kutegemea umenunua ipi. Akaniomba nimchagulie. Nikafurahi kama mjinga.

Tukaenda kwa Thayer, mwenye duka, ambaye pia ndiye msimamizi wa mashindano yetu. Mimi nilipenda ya mara sita. Ni nyepesi, na hata kichwa kikiyumba kidogo bado unaona picha nzima. Zile za kumi ukikosea mkao tu, giza linakula kingo. Thayer akatutoa nje hadi barazani tuzijaribu mikononi, bila bunduki, tukitazama ghala la nafaka ng'ambo ya reli.

"Kina ukungu hiki," baba akasema. Akapewa ya nane. "Na hiki pia." Akapewa ya kumi. "Thayer, unaniuzia vitako vya chupa za bia?"

"Mzee Orval, futa miwani yako kwanza."

"Futa vumbi dukani kwako wewe!"

Tukacheka. Nilipochungulia baada yake, zote tatu zilikuwa safi. Niliona hadi misumari kwenye mlango wa ghala. Nikajiambia baba amezidi kuchagua, basi. Tukaondoka na ile ya kumi.

Mwezi uliopita akaenda nayo mashindanoni. Kwetu, kabla ya kupiga, kila mtu huruhusiwa kuupita uwanja mikono mitupu, akilenga kwa kidole na kukariri wapi atasimama na nini atapiga. Baba huupita mara nyingi kuliko wote, midomo ikimcheza. Vijana humtania kwamba anasali. Siku hiyo, alipokuwa pembeni akijaza risasi kwenye vikasha vya bunduki, upepo uliangusha shabaha moja ya kadibodi, kigingi chake kikavunjika. Clint akaisimika upya upande wa pili wa pipa. Zamu ya baba ilipofika, alikimbia vizuri, akasimama vizuri, akapiga risasi mbili pale ilipokuwa mwanzo. Penye hewa tupu. Kadibodi yenye ukubwa wa mtu ilikuwa wazi mbele yake, naye akaipita akaendelea na safari.

"Orval ameua upepo!" wakapiga kelele.

"Ulinikera tangu asubuhi!" akawajibu, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Shangazi, baba hapigi anachokiona. Anapiga anachokikumbuka.

Na wanaokwenda mbele kubandika karatasi kwenye matundu ya risasi ni sisi wenyewe, mimi na Clint na wengine. Mtu anaweza kuwa ameinama nyuma ya pipa, msimamizi akadhani wote wametoka. Hapo kinachobaki kumwokoa ni jicho la mpigaji. Tangu siku ile, kila nikifumba macho namwona Clint ameinama.

Juzi nikampa baba ile darubini tu, bila bunduki, nikasingizia nataka kujua kama kikono kimelainika. Nikaenda hadi kwenye uzio wa malisho, nikasimama mbele ya nguzo, nikapunga kofia nyekundu kwa mikono yote miwili.

"Baba, unaona nini?"

"Naona nguzo. Umeshafika, mama?"

Nililia palepale kwenye uzio, Shangazi, tena bila kujificha. Ningejificha nini?

Niliporudi nikamwambia twende kwa daktari wa macho. Akasema alishakwenda wakati wa masika, peke yake. Ni presha ya macho, kama ile iliyokuchukua jicho lako la kushoto, na yake imeshakula pande zote mbili. Kisha akanishika mkono, jambo ambalo baba hafanyi.

"Mashindano ya Jumamosi wewe nitembeze tu uwanjani," akasema. "Niambie kila shabaha iko wapi, mengine nayajua. Niachie hii moja, mama."

Sikujibu. Amehesabu kwamba nimekubali. Tangu juzi anapiga mluzi na kupaka bunduki mafuta, na mluzi huo unanitia baridi kuliko risasi.

Naogopa mno. Naogopa mtu atakufa na sisi ndio tutakuwa tumemleta baba pale. Naogopa pia uso wake nitakapomgeuka mbele ya rafiki zake. Lakini Jumamosi, kabla hajatoa bunduki kwenye begi lake, nitamwambia Thayer.

Barua hii itakufikia mambo yakiwa yamekwisha, na nimefanya hivyo makusudi. Ningepiga simu nikasikia sauti yako, ningekuomba uniruhusu ninyamaze.

Msalimie mzee Leif, na binamu Solveig na watoto wake. Clint anawasalimu nyote. Mungu awakinge na baridi inayokuja, na matone yako ya macho usiyasahau hata siku moja.

Ukiipata barua hii, piga simu, ila usinipigie mimi. Mpigie yeye. Atataka mtu wa kumlalamikia juu ya binti yake, na nyumba hii haitakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,

Signe