Mikono Yangu Haina Moto

Kisangani, Kabondo, Jumapili

Kwako tonton Lambert mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, mjomba wangu, wewe, mkeo tantine Safi na watoto wote. Natumaini homa ya mdogo imekwisha na kazi ya zahanati hapo Yangambi inakuacha upumue kidogo. Mimi ni mzima, shule inaendelea. Mama ndiye si mzima. Ninampa mwendesha baleinière, ile mashua ya abiria ya mtoni, karatasi hii badala ya kukupigia, kwa sababu simu tuliyo nayo ni ya mama, na majirani wote ni masikio yake.

Presha yake imepanda. Asubuhi kichwa kinamgonga, na juzi sokoni aliona giza, wenzake wakamkalisha chini. Vidonge ulivyomletea ameviacha, hospitali hataki kuisikia, na papa hajarudi kutoka Basoko. Tonton, sababu ni mimi.

Unaikumbuka klabu ya kung-fu ya mwalimu wetu, Maître Waziri, ambako hata wewe ulijifunza ukiwa kijana. Siku hizi, tukimaliza miondoko yetu, anatusimamisha magoti yamelegea, mikono mbele kama tunakumbatia mti, tuvute pumzi hadi chini ya kitovu. Anasema huko ndiko inakolala nguvu ya ndani, ile ambayo Wachina wanaiita chi. Kisha kila mmoja anaeleza alichosikia mwilini. Priscille alisema tumbo lake lina moto. Héritier akamtania kwamba hiyo ni lituma ya jana, zile ndizi za kupondwa. Zamu yangu ilipofika, wote walinigeukia. Unajua ninavyoogopa macho ya watu. Nilikuwa nimesoma kitabu kimoja cha Kifaransa juu ya mambo hayo, basi nikasema kama kitabu: joto linapanda mgongoni, linashuka mikononi, viganja vinavutana kama sumaku. Maître akasema amefundisha maisha yake yote akimngoja mwanafunzi wa namna hiyo.

Habari aliileta nyumbani yeye mwenyewe. Mama, ambaye siku zote hulalamika kwamba sina rafiki ila vitabu, alilia kwa furaha. Tangu hapo kila jioni anakaa kwenye kiti, nami namwekea viganja kichwani. Anasema maumivu yanapoa. Anawaambia majirani kwamba vidonge ni vya wale wasio na mutoto kama wake.

Sasa nikuambie wewe: sisikii kitu. Sijawahi kusikia kitu. Nikisimama vile, mabega yananiuma, basi. Sisemi wengine wanadanganya. Maître naona pumzi inamtuliza kweli. Lakini mikono yangu ni mikono tu.

Mama nimemwambia ukweli huo, nimepiga magoti mbele yake. Alicheka, akasema niache haya zangu. Nilikimbilia kwa Maître nikamwomba aseme naye. Huyo akafurahi zaidi. Alinijibu kwamba wenye nguvu ya kweli ndio huikana. Kadiri ninavyokana, ndivyo wanavyoniamini. Na jana jioni, viganja vyangu vikiwa juu yake, mdomo wa mama ulipinda upande mmoja, maneno yakamkwama, kisha akarudi sawa. Akanishukuru, tonton! Alidhani nimemponya.

Ndipo nikadanganya tena, na mara hii nimekuingiza wewe. Nilimwambia nguvu imeniacha, imehamia kwako, kwa kuwa ulinitangulia kwa Maître Waziri. Na kwamba kwako wewe inapitia ndani ya vidonge. Hilo alilikubali papo hapo.

Najua wewe ni muuguzi, na mambo haya uliyaacha zamani. Lakini nakusihi, panda baleinière ya kwanza. Ukifika usimgombeze, wala usianze na mashine ya presha. Mshike kichwa kwanza, fumba macho, vuta pumzi polepole kama ulivyofundishwa, halafu mpe dawa kwa mkono wako. Kisha tutafute njia ya kumfikisha hospitali. Nakuomba usicheke. Ukicheka, tumempoteza.

Nisalimie tantine na watoto. Mama naye anakusalimu sana. Anasema tangu nilipolitaja jina lako, hata kabla hujafika, kichwa kimekwisha kupoa. Njoo haraka.

Mimi mpwa wako,
Odile