Betri Niliyoitia Maji ya Kisima

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, kisha nimekaa kidogo kana kwamba utaitikia. Mama anapita mlangoni anasema ninaharibu karatasi. Mwache. Nina habari ambayo siwezi kumwambia yeye kabla sijakuambia wewe.

Kwanza nitubu. Siku moja kabla hujaugua uliniambia niongeze maji kwenye betri ya pikipiki ya kijiji. Chupa ya maji ya betri ilikuwa tupu. Ulishanifundisha kwamba yakikosekana nikinge ya mvua kwenye sufuria safi, lakini mvua ilikuwa bado, na kengele ya kwenda shamba la kijiji ilikuwa imeshagongwa. Nikachota maji ya kisima, haya haya ya chumvi yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika la Mama, ambayo ulisema huua betri. Nikajaza vyumba vyote sita vya betri, nikafunga vifuniko. Uliponiuliza kama nimeongeza, nikasema ndiyo. Hukuuliza maji gani. Uliniamini, Baba, na hilo ndilo lililonitafuna.

Asubuhi yake ukashikwa na tumbo. Nilikimbilia pikipiki nikupeleke hospitali Kilosa, nikabonyeza starta. Tik. Basi. Kile kitaa kidogo cha kijani karibu na usukani kilizimika kila nilipobonyeza, nikiachia kinarudi. Nikapiga kiki mpaka goti likakataa kukunjika. Vijana wakanisukuma kutoka kwenye mashine ya kusaga hadi shuleni, pikipiki ikakohoa mara moja ikanyamaza. Niliporudi kwako, umejikunja kwenye mkeka, ukaniambia maneno yako ya siku zote: "Betri inasingiziwa kuliko kitu chochote. Angalia kwingine."

Sikuangalia kwingine. Ningeangaliaje, na mimi nilikuwa najua nilichokitia mle ndani? Nilikaa chini kando ya pikipiki nikalia, fundi mzima, hadi Ramadhani, yule dereva wa shamba la Kilangali, alipotokea saa nane mchana na trekta lake. Tukakulaza kwenye tela juu ya majani ya mahindi. Kule Kilosa daktari alikupima, akaniangalia, akasema, "Mngemfikisha asubuhi…" Hakumalizia. Siku ya pili ukatutoka.

Miezi minne, Baba. Miezi minne hiyo sentensi naimalizia mimi kila ninapoosha vyombo.

Mambo yaliyobadilika si mengi. Mashine ya kusaga ninaiendesha mimi sasa, na wale waliokuwa wakicheka kwamba fundi wao anavaa gauni wanapanga foleni kama wengine. Mama hazungumzi tena Kiswahili ndani ya nyumba, ni Kikaguru tu, anasema Kiswahili ni cha mikutano. Kiti chako bado kipo ulipokiacha. Ile pikipiki tuliiingiza ghalani. Ramadhani, ambaye tangu siku ile hapiti bila kutujulia hali, aliichukua betri akaichaji kule shambani, akairudisha. Tik. Kijiji kizima kikasema betri imekufa. Nikaitikia kwa kichwa. Nani angejua kuliko mimi iliuawa na nini?

Halafu wiki iliyopita Mwenyekiti akasema kwenye mkutano kwamba pikipiki irudishwe wilayani, wapewe watu wanaojua kuitunza. Hakuniangalia aliposema. Heri angeniangalia. Nikasimama, nikaomba nipewe Jumamosi moja. Sijui kwa nini niliomba. Nadhani nilitaka kuhakikisha kosa langu kwa macho yangu, kisha nikiri mbele ya watu, liishe.

Jumamosi Ramadhani akaja na trekta. Aliiegesha kando ya pikipiki, tukatoa ile betri yetu tukaiweka pembeni, tukavuta nyaya nene kutoka betri ya trekta hadi kwenye nyaya zilezile zilizokuwa zimeshika betri yetu. Nikasema moyoni, sasa itawaka, na ikiwaka ndiyo ushahidi kwamba maji yangu yaliua. Nikabonyeza.

Tik.

Ramadhani akakuna kichwa. "Dada Debora, wallahi betri hii inazungusha trekta. Itashindwaje na kitoto hiki?" Nikabonyeza tena. Tik, na kitaa kikazimika vilevile kama asubuhi ile. Baba, nilikusikia. Si kwa mambo ya ajabu, nilikukumbuka tu, na jasho lilikuwa limekulowanisha kola: angalia kwingine.

Basi nikafanya ulivyonifundisha, nikafuata njia ya umeme kwa kidole kama mtu asomaye Biblia kwa shida. Waya wa kwenda kwenye starta, mzima, umekazwa. Nikaugeukia ule mwingine, mweusi, wa ethi, unaotoka kwenye betri na kufungwa kwa bolti kwenye fremu ili umeme upate pa kurudia. Kwa macho ulikuwa mzima pia. Lakini uliniambia macho hayapitishi umeme. Nikamwambia Ramadhani auchomoe ule waya wake uliounganishwa na huu mweusi, aubane moja kwa moja kwenye chuma cha injini. Nikabonyeza starta na injini ikazunguka! Ikazunguka kwa nguvu hadi kuku wa Mama wakatawanyika.

Nikachukua spana nikafungua ile bolti. Chini yake, Baba, kulikuwa na rangi. Ya kijani. Nene, imekauka vizuri, imelala baina ya waya na fremu.

Unakumbuka Saba Saba? Tuliambiwa wageni wa wilaya watapita, na kijiji kikaingiwa na wazimu wa kupaka. Mawe ya njiani chokaa, miti chokaa, mlango wa ghala, hata jukwaa ambalo halikuwa limekamilika. Wewe ukaifungua pikipiki vipande vipande, ukaipaka kijani kuanzia mbele hadi nyuma. Mimi nilikushikia kopo. Nikakuuliza na hapa penye bolti? Ukasema, "Paka kote, leo hatutaki aibu." Kisha ukafunga nyaya juu ya rangi. Wageni wakapita, mmoja akalipigapiga tangi akasema safi sana, ukatembea siku nzima na tabasamu. Bolti ilikuwa imekwaruza rangi kidogo, ikatosha wiki kadhaa, hadi kutu ilipokula pale palipokwaruzwa. Ni wewe, Baba! Wewe uliyemkemea kila mtu kuhusu ethi chafu!

Nilicheka. Nilikaa chini palepale nilipolia siku ile, nikacheka hadi Mama akatoka kuuliza kuna nini, kisha kicheko kikageuka, nawe unajua kiligeuka kuwa nini. Ramadhani akajifanya anakagua matairi.

Nilisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza. Halafu nikairudisha betri yetu, ile ile ya maji ya kisima, ambayo Ramadhani alikuwa ameichaji tena. Nikabonyeza mara tatu na mara zote tatu injini iliwaka. Nilitoka nayo hadi njia ya Mikumi nikarudi, watoto wananikimbilia nyuma. Mwenyekiti alisimama mlangoni pa ofisi, akavua kofia. Hatuirudishi wilayani.

Sijakuandikia ili nikutwishe mzigo. Kosa la rangi ni lako, na langu mimi niliyeshika kopo, na la kijiji kizima kilichotaka kupendeza. Na mimi nina langu: ningekuwa nimesema ukweli kuhusu maji, nisingeyaogopa, na asubuhi ile ningekusikiliza. Sijui kama ungepona. Lakini jana usiku nililala, Baba. Nililala mpaka jua likaingia dirishani, na Mama aliniacha nilale.

Leo jioni nitamwambia habari ya kisima. Atanigombeza kwa Kikaguru, na nitafurahi.

Pumzika sasa, Baba yangu. Mwakani wageni watakuja tena, na tutapaka tena, maana watu hawa hawasikii. Nakuahidi nitaipaka pikipiki yako kijani, kote, ing'ae kama ulivyopenda. Kasoro bolti moja.

Binti yako na fundi wako,
Debora