Klachi ya Babu Kalisti

Zipora, acha hicho unachofanya! Ile hadithi ya babu Kalisti, eti alilitengeneza gari la Geita peke yake mwaka 1953, ni uongo mtupu!! Bibi Mbuke kaitoboa leo mbele ya ukoo mzima 😭

Gari lilikuwa dogo, limechoka, la karani wa mgodi. Klachi ikikanyagwa tu, kwiiii! Babu, fundi mpya mwenye maringo, akatangaza: "Beringi ya klachi imekwisha." Akashusha giaboksi, siku tatu nzima, akafunga beringi mpya. Akakanyaga.

KWIIII, Zipora! Vilevile!

Karani yuko njiani kulifuata, babu jasho linamtiririka, anakanyaga tu. Binti muuza maziwa akasimama kumtazama. "Kaka, injini si umeizima? Mbona bado linalia?"

Injini ikizimwa beringi haizunguki! Basi kinacholia si beringi!

Binti akainama, akachota samli kwenye kibuyu chake, akapaka bawaba ya pedali iliyokauka. Kimya. SAMLI!!

Binti mwenyewe ndiye bibi. Babu alituma mshenga wiki hiyohiyo. Tukamuuliza bibi, "Kumbe alikupenda hivyo?"

"Thubutu! Alitaka siri ibaki nyumbani."