Miaka Mitatu Niliyompa Ndugu Yangu

Kamere, Naivasha

Mama Kiprono, mke wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa bwana yako ambaye bado ana meno yote na mgongo haujapinda. Goti lako linasemaje na hiyo baridi ya Keringet? Na yule ng'ombe mweusi, amezaa? Mimi huku ni mzima, hakuna mahali panauma ila roho. Hiyo roho ndiyo imenifanya nishike kalamu.

Ningepiga simu, lakini simu ya hapo nyumbani mnaisikiza wote, sauti imefunguliwa mpaka kuku wanajua mambo yangu. Haya ni yetu wawili. Nimeandika kwa mkono wangu, sijaandikiwa na mtu, na unajua niliacha shule darasa la tatu kwa sababu mwalimu hakuwa tena na la kunifunza. Wewe unasoma Biblia, basi soma na hii mwenyewe, usimpe mjukuu akusomee.

Kazi ya usoja inaendelea. Kwa hii ploti ninayolinda, tangu nije hakuna mtu ameibiwa hata kifuniko cha sufuria. Juzi kiboko alitoka ziwani akaingia kwa sukuma wiki ya mpangaji mmoja. Vijana wote walikimbia wakapanda juu ya tangi la maji. Ni mimi nilimwambia arudi, na akarudi. Uliza mtu yeyote Kamere.

Sasa sikia. Jumapili Kiprono alikuja kuniona, ameletwa na mume wa dadake Chelangat, yule pasta, kwa gari lake. Nikawapikia samaki. Tulipomaliza kula Kiprono akatoa simu. "Baba mdogo," akasema, "nimeandika ukoo wetu wote kwa mtandao. Hata mtu akiwa Amerika anatuona."

"Leta nijione."

Akafungua. Wa kwanza kutokea ni nani? Kipkoech! Ndugu yangu mkubwa, yule aliyekuoa kabla yangu, amesimama na koti refu, anacheka. Mama Kiprono, hilo koti ni langu. Aliliazima siku ya kupigwa picha na hakusema asante. Nikauliza hiyo picha imetoka wapi, maana mimi sijaiona tangu tumzike. Kiprono akasema, "Mama alikuwa nayo kwa sanduku."

Kwa sanduku! Sanduku nililonunua mimi. Miaka yote nimelala kando ya hilo sanduku na sijui kuna mwanaume ndani.

Na chini ya picha kumeandikwa mambo mengi. Ati alikuwa mpole. Ati alikuwa na sauti, akiimba kanisani watu wanatoa machozi. Kiprono alikuwa mtoto, hayo ameyatoa wapi kama si kwako? Mimi nimechimba choo cha hiyo boma mara mbili kwenye mawe. Nilikubeba mgongoni tukavuka mto ukiwa na malaria, na mvua juu. Sijawahi kusikia umemwambia mtu kwamba nina sauti.

Nikauliza, "Na mimi niko wapi?"

Kiprono akasukuma kwa kidole, akanionyesha kiboksi cha rangi ya majivu. Hakina picha, hakina jina. Kimeandikwa tu, Anaishi.

"Hii ni nini?"

"Ni heshima, baba mdogo. Mtu akiwa hai hatumwaniki hapa, tunamfunika. Akishakufa ndio tunafungua habari zake."

"Heshima gani ya kunifunika kama kibuyu cha maziwa? Kwa hivyo nikitaka kuonekana, nife?"

Pasta akacheka mpaka akakohoa. "Mzee, usiwe na haraka."

"Wewe cheka tu. Ndugu yangu hajashika jembe tangu azikwe, na bado ndiye ana koti."

Ndipo Kiprono akaniuliza Kipkoech alikufa mwaka gani, kwa sababu hapo alikuwa ameacha wazi. Na kichwa changu unakijua. Papo hapo nikamtajia mwaka, na mwezi, na nani alichimba kaburi. Akaandika. Simu ikatoa alama nyekundu.

Pasta ndiye alikuwa karibu, akasoma. "Inasema kuna makosa. Ati Chelangat alizaliwa miaka mitatu baada ya babake kufa."

Akanigeukia mimi.

Wewe unajua na mimi najua. Wazee waliniingiza kwa nyumba ya ndugu yangu ili moto wake usizime, na mtoto nitakayezaa aitwe wa marehemu. Ndivyo mila ilisema, na nilikubali. Chelangat ni damu yangu, hata kile kichwa ngumu ni changu, lakini ananiita baba mdogo. Siku ya harusi yake alisimama mbele ya watu wa pasta akamshukuru baba yake aliye mbinguni. Mimi nilikuwa safu ya pili, na suti. Nikapiga makofi. Huko kwao pasta mila kama hii wanaiita dhambi, kwa hivyo sikumuuliza kwa nini.

Sasa pasta anangoja jibu. Nakwambia ukweli, neno lilikuwa kwa ulimi. Nilitaka kusema, hiyo simu haina makosa, msichana ni wangu. Nimelitafuna hilo neno tangu azaliwe na lingetoka tamu kama asali. Halafu nikaona vile pasta anaangalia ile alama, kama mtu anayepiga hesabu, nikajua akifika nyumbani ataanza na Chelangat, sio na mimi.

Nikajipiga paji la uso. "Aa, nimechanganya. Mwaka huo ni wa baba yetu mzazi. Kipkoech alikufa Chelangat akiwa tumboni."

Pasta akasema, "Lakini mzee, si umetaja hata mwenye alichimba kaburi?"

"Uzee, mwanangu. Kichwa kimekwisha."

Mimi! Mimi ninayejua ng'ombe wa babu yangu mmoja mmoja kwa majina, nimesema hivyo mbele ya mkwe.

Pasta alipotoka kwenda kuona mashua, Kiprono akarudisha mlango. "Baba mdogo, ule mwaka wa kwanza ulikuwa sawa. Nilikuwa darasa la kwanza. Siwezi kusahau tulivyomzika baba." Akasema amekosea kufungua mambo hayo mbele ya mkwe. Kisha akaongeza, "Ukitaka, nitaandika ukweli. Jina lako na la Chelangat, mstari mmoja."

Mama Kiprono, hakuna mtu amewahi kunipa kitu kikubwa kama hicho. Niliangalia huo mlango muda mrefu.

Nikamwambia, "Futa. Acha wazi. Wewe unasema aliyekufa hafunikwi, lakini siri ya huyu imebebwa na mtu anayetembea. Muulizeni Chelangat kwanza. Akikataa, isiandikwe, hata mimi nikiwa nimezikwa." Akafuta nikiona kwa macho yangu.

Basi siku mkikaa na Chelangat wawili tu, muulize polepole. Usimsukume. Akikubali, nitatafuta koti jipya nipigwe picha ambayo haijawahi kuonekana kwa ukoo huu. Akikataa, niambie tu amekataa, sababu zake nisizijue.

Nisalimie dada yangu mkubwa huko juu, mwambie bado sijasahau jogoo wangu aliyemchinja. Msalimie mke wa Kiprono, na yule mjukuu wa mwisho anayelia akiniona. Chelangat msalimie mara mbili.

Na hii uishike. Pasta akikuuliza, sema kama nilivyosema mimi, Kipkoech alikufa mtoto akiwa tumboni. Nimempa ndugu yangu miaka mitatu ambayo hakuishi, na ilikuwa yangu na wewe, ile ya kwanza, wakati ulianza tena kucheka. Mbele ya watu mwachie. Ukiwa peke yako, usimpe hata siku moja.

Ni mimi bwana yako,
Kimutai