Besi Lililokaa Juu ya Moto: Kwa Baba Yetu Ambindwile Mwakalobo

Baba, leo Mei 17, 1995, umetimia mwaka tangu ututoke asubuhi ile ya mvua, hapa nyumbani Kisondela. Ndugu zangu walitaka tangazo hili liwe la mistari minne na ile picha yako uliyovaa tai. Nimewaambia anayeandika ni mimi, na nitaandika ninavyojua.

Ulianza na tarumbeta la misheni, lile kubwa la sauti nzito ambalo vijana wenzako walilikimbia. Kwa sababu yake ulipelekwa kusoma Ulaya Mashariki, ukarudi unapiga dabobesi, zeze refu kuliko mtu, linalopigwa umesimama. Miaka kumi na tisa ulisimama safu ya mwisho kwenye okestra ya shirika lenu Dar es Salaam, umevaa koti jeusi kwenye joto lile, ukiwapigia wageni wa serikali muziki wa noti. Uliipenda nafasi hiyo ya nyuma. Ulituambia kazi ya besi ni kuwabeba wengine, na watu wakikusikia wewe tu, basi umekosea.

Mama alikuwa huku muda wote huo, na migomba na sisi. Hakuwahi kukusikia hata siku moja.

Kikaja kipindi cha ruksa, cha biashara huria. Shirika likauzwa, na mkubwa mpya akasema okestra haizalishi. Ukumbi wenu ukawa ghala la mitumba. Besi lilikuwa linajaza stoo tu, ukaliomba, ukapewa. Ulishuka nalo njia panda kutoka kwenye lori lililokuja kubeba ndizi, umelifunga mashuka meupe, na akina mama waliokuwa wakipalilia wakatupa majembe, wakaanza kulia msiba kabla ya kuuliza nani amekufa. Kila mgeni alisimuliwa hilo, na ulicheka mpaka ukashika mbavu.

Hukuwa mtu wa kupandisha sauti. Ulivua kofia hata kwa watoto waliokuamkia. Asubuhi ulimchemshia Mama maji ya kuoga, na majirani wakasema mji umekuharibu, ukaendelea kuchemsha.

Jioni ulipaka upinde wa besi utomvu wako mkavu ili usiteleze kwenye nyuzi, ukapiga peke yako sebuleni. Mama hakukuhurumia: "Miaka yote ile tumekaa mbali, kumbe ulikuwa unafanya hivi tu? Kama ng'ombe anacheua." Ukamwambia angoje Pasaka. Ulikuwa umeifundisha kwaya sauti zote nne, na siku hiyo ungesimama nyuma yao na besi lako. "Utanisikia nikiwabeba," ulimwambia. Tangu hapo Mama alikuwa akihesabu Jumapili.

Mwezi wa pili kifua kikakulaza hospitali ya Igogwe, wiki tano. Ulipokuwa unaondoka uliniagiza mimi, Sekela, jambo moja tu: "Lisipate unyevu."

Mvua zetu unazijua. Kuta zilitoka jasho, viatu vikaota ukungu kabatini. Nikafanya anachofanya kila mwanamke wa huku kwa kitu asichotaka kioze. Nilimwita mdogo wangu Meshaki, tukalipandisha besi jikoni, kwenye kichanja cha juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu. Hata nilijisifu. Kila asubuhi nilichochea kuni nikilitazama kule juu, kavu kabisa.

Ulirudi Jumatano ya kabla ya Pasaka. Tulipolishusha, gundi ilikuwa imeachia. Shingo ilibaki mikononi mwa Meshaki, na ubao wa mbele ulikuwa umepasuka kutoka juu mpaka chini. Fundi Sadalla wa Makandana aliitwa, akalizunguka mara mbili, akasema kwa upole kwamba yeye anatengeneza vitanda.

Nilingoja unifokee. Ulipitisha kidole kwenye ule ufa, ukayatazama masizi. Halafu ukasema, "Ndaga, Sekela. Umelitunza kama mbegu." Haikuwa kejeli, nakujua. Ndaga yako ilikuwa asante ya kweli, na ndiyo maana neno hilo limenikaa kooni mwaka mzima. Afadhali ungenichapa.

Siku ya Pasaka kwaya iliimba bila besi. Wewe ulikwenda kukaa upande wa akina mama, ukambana Mama kwenye benchi, wazee wa kanisa wakageuza shingo. Ukainama sikioni kwake umwimbie sauti ya besi kwa mdomo, chini ya waimbaji wote. Kikohozi kilikushika ubeti wa kwanza na hakikukuachia mpaka kwaya ikakaa. Wiki sita baadaye ulifariki.

Vipande tumeviondoa jikoni. Viko chumbani kwako, mbali na moto, kana kwamba sasa inasaidia.

Mama anasema alikusikia. Kila anaponikuta nalia ananiambia, "Nilimsikia, mwanangu. Alikuwa anawabeba." Anasema hivyo ili nipate usingizi, nami humwitikia ili na yeye apate. Lakini nilikuwa benchi la nyuma yenu, Baba. Hakusikia kitu.

Unakumbukwa na mkeo Tupokigwe, aliyekungoja. Na wanao Sekela, Meshaki na Lusungu. Na wajukuu zako. Na wanakwaya wa Kisondela, ambao bado wanaimba sauti nne ulizowafundisha. Maadamu tungali hai, hutasahaulika.