Gauni Nililojipimia Mwenyewe

Dada yangu mpendwa,

Huku sote wazima, na harusi ya binti yangu imepita salama. Umeuliza kwa nini kwenye picha gauni langu tu ndilo lenye kola pana, wakati wenzangu wote walishonewa na fundi mmoja. Nilishona mwenyewe. Cherehani ya marehemu mama bado inakata uzi, na mkono wa kulia niliufumua mara tatu mpaka mume wangu akasema, "Hilo gauni litachakaa kabla hujalivaa."

Fundi alipokuja nyumbani kutupima, nilijifanya nina kazi jikoni. Dada, angenipima kifua. Mwezi wa tatu nilifanyiwa upasuaji, wakaondoa titi la kushoto. Aliyejua ni mume wangu, basi. Wewe nilikuficha, na bibi harusi nilimficha nisimtie simanzi.

Siku mbili kabla ya harusi nilikuwa nalijaribu gauni chumbani, binti akaingia bila hodi. Alinitazama. Nikadhani atalia. Akachukua pini mezani, akaniuliza, "Mama, hapa pamebonyea. Tuweke pamba au tubane kitambaa?"

"Tubane," nikasema.

Akabana, akashona kwa mkono, nami nimesimama.

Daktari anasema naendelea vizuri. Ukumbini nilicheza mpaka nikavua viatu. Kesho yake binti alipokuja kuaga ndipo tulipolia, mimi na yeye, tukiosha sahani.

Nisamehe kwa kuchelewa kukwambia.

Mdogo wako