Ndege wa Kioo Dirishani

Baba,

Leo nimebishana na Shangazi Mwikali mbele ya jamaa zetu wote, na sikukimbilia jikoni. Nakuandikia kabla ujasiri huu haujapoa.

Baada ya mazishi yako, dada yako huyo alitaka ndege wako wadogo wa kioo, uliowaunda kwa chupa kuukuu, watundikwe sebuleni kwa heshima. Akawapeleka kwa fundi wa fremu kule Majengo, naye akawatengeneza kama picha ya harusi: ubao nyuma, misumari pande zote. Shangazi akawaning'iniza juu karibu na dari, fremu zimeinama mbele kidogo, kama tulivyozoea kutundika picha za wakubwa. Baba, mwanga haukupita tena ndani yao; walizimika. Yule wa chupa ya kahawia, uliyemyeyusha na kumrudia mpaka bawa likakaa, akawa doa jeusi. Wageni waliokuja kutupa pole waliuliza ni nini. Nikakimbilia jikoni kuchemsha chai. Unanijua.

Wewe hukukubali kazi isifiwe kabla mtu hajaipeleka mlangoni kwenye jua. "Inua kwanza, ndipo useme," uliniambia nikiwa bado na sare ya shule, vidole vyangu vikigeuka kijani kwa mwanga uliopita kwenye kioo.

Leo tulikuwa tunapanga ibada yako ya kumbukumbu. Shangazi akasema fremu zitiwe kwenye katoni, zisipelekwe kanisani, watu wasije wakasema ulipoteza uzee wako kwa vigae vya chupa. Nikasema hapana. Binamu Mutua akacheka: "Ndanu, wewe hata mtu akikukanyaga unamwomba msamaha." Kweli. Lakini nilikuwa nimeshika koleo tayari. Nikang'oa misumari, nikatoa ubao, nikafunga waya, nikawatundika dirishani. Hakuna kilichovunjika.

Jua likapita ndani yao. Shangazi akaona wekundu umemwangukia kwenye leso, akageuza kiganja chake taratibu ndani ya wekundu huo. "Kumbe ndugu yangu alikuwa anaona hivi kila siku?" Kisha akauliza ni dirisha gani la kanisa linalopata jua la asubuhi.

Ni lile la upande wa kwaya. Nimeshazungumza na mchungaji. Siku hiyo nitasimama pale nieleze kazi yako, mimi ambaye hata kusoma matangazo huwaachia wengine. Naogopa, sikufichi. Nitasimama nikiogopa, na hakuna ndege wako hata mmoja atakayerudishiwa ubao mgongoni.

Pumzika sasa, Baba. Kuonyesha ni kazi yangu.

Mwanao,
Ndanu